Mistari ya Madaraka Mikoani

Chati ya muundo, yaani mchoro unaoonyesha vyeo vya taasisi kwa visanduku na uhusiano wa vyeo hivyo kwa mistari, huweza kusomwa kwa namna mbili, na matokeo ya usomaji wa kwanza mara nyingi hupingana na yale ya usomaji wa pili. Msomaji wa kwanza huangalia majina yaliyoandikwa ndani ya visanduku, akahesabu vilivyoongezeka na vilivyofutwa, kisha akadhani kwamba amekwisha kuyaelewa mageuzi. Msomaji wa pili hufuata mistari: huuliza ni nani anayemteua mwenye cheo, mshahara wake unatoka katika fungu lipi la bajeti, na taarifa yake ya mwisho wa mwezi inapelekwa mezani kwa nani. Kwa desturi ya wachoraji wa chati, mstari mzima huonyesha mamlaka ya kuamuru na kuwajibisha, na mstari wa vipande huonyesha ushauri wa kitaalamu usio na nguvu ya amri. Mageuzi ya utawala yaliyofanyika Tanzania Bara mwaka 1972, ambayo wananchi waliyajua kwa jina la Madaraka Mikoani, yanastahili kusomwa kwa namna hii ya pili, kwa kuwa jina la mageuzi hayo lilielekea upande mmoja na mistari yake ikaelekea upande mwingine.

Kabla ya mwaka huo, wilaya ilikuwa na miti miwili iliyosimama kando kwa kando. Mti wa kwanza ulikuwa wa Serikali Kuu, ambao matawi yake yalishuka kutoka kila wizara jijini Dar es Salaam hadi kwa afisa wa wizara hiyo wilayani, huku Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, vyeo vya kisiasa vilivyochukua nafasi ya watawala wa kikoloni baada ya Uhuru, wakisimamia kazi za Serikali na za chama cha TANU kwa pamoja. Mti wa pili ulikuwa halmashauri ya wilaya, iliyokuwa na madiwani wa kuchaguliwa, watumishi wake yenyewe na mapato yake yenyewe. Mizizi ya mti huu ilikwisha kunyauka kabla haujakatwa, maana kodi iliyokuwa tegemeo la halmashauri za vijijini ilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ilhali majukumu ya shule za msingi, zahanati na barabara ndogo yalibaki mikononi mwake. Chombo kilichonyang'anywa chanzo cha fedha kikaachiwa kazi huonekana kizembe hata kama watu wake wanajituma, na ni vema jambo hilo likumbukwe kila inaposemwa kwamba halmashauri zilifutwa kwa sababu zilishindwa.

Muundo mpya ulibuniwa kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani ya washauri wa menejimenti iliyoasisiwa Chicago mwaka 1926. Chati ya muundo yenyewe ilikuwa na asili hiyo hiyo ya biashara kubwa za Marekani, kwani mojawapo ya chati za kwanza kabisa zinazojulikana ilichorwa mwaka 1855 kwa ajili ya reli ya New York na Erie, chini ya msimamizi wake Daniel McCallum, ikiwa na umbo la mti ambao wakurugenzi wa kampuni wamewekwa shinani na vituo vya reli vikawa matawi. Mantiki ya reli ni kwamba kila kituo kiwe na msimamizi mmoja anayejibu kwa mkubwa mmoja, ili treni zisigongane. Ni mantiki njema kwa treni; kwa wilaya yenye wapiga kura inahitaji tahadhari, kwa sababu wapiga kura hawana kituo katika mchoro wa namna hiyo.

Kuanzia Julai 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na mahali pa miti miwili pakasimamishwa mti mmoja. Kila mkoa ulipewa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, na kila wilaya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, wote wakiwa watumishi wa Serikali Kuu, na mstari wao ukapanda hadi Ofisi ya Waziri Mkuu, iliyokuwa chini ya Rashidi Kawawa. Baadhi ya mawaziri wazito walihamishiwa mikoani kuwa Wakuu wa Mikoa, ishara ya wazi kwamba Rais Julius Nyerere hakuwa akifanya mzaha.

Mabadiliko hayo yanaonekana vizuri zaidi yakitazamwa kupitia kisanduku kimoja kidogo, kile cha afisa kilimo wa wilaya. Kabla ya 1972 afisa huyu alifungwa na mstari mzima kwa afisa kilimo wa mkoa na kupitia kwake kwa Wizara ya Kilimo, hata ombi la fedha za mradi mdogo wa umwagiliaji likalazimika kusafiri hadi Dar es Salaam na kurudi, wakati mvua zimekwisha kupita. Baada ya 1972 mstari wake mzima ulihamia kwa Mkurugenzi wa Maendeleo aliyekuwa katika wilaya ile ile, na wizara ikabakiwa na mstari wa vipande, yaani haki ya kutoa sera na ushauri wa kitaalamu. Mkoa nao ulipata fungu lake katika bajeti ya Taifa, na Mkurugenzi wake akawa afisa masuuli, cheo cha mtu anayebeba dhamana ya kisheria juu ya kila shilingi ya fungu hilo. Maafisa wa kilimo, elimu, afya na ujenzi, ambao zamani kila mmoja alisikiliza wizara yake, sasa waliketi meza moja kupanga mpango mmoja. Haya yalikuwa mafanikio ya kweli, na mwandishi wa historia akiyapuuza atakuwa ameusoma mchoro nusu.

Nusu ya pili inahusu mahali pa mwananchi. Badala ya halmashauri liliundwa Baraza la Maendeleo la Wilaya, ambamo wawakilishi wa wananchi waliketi pamoja na maofisa. Kisanduku cha baraza hili kilionekana kikubwa, lakini mistari yake ilikuwa dhaifu: baraza halikuajiri mtumishi, halikutoza kodi, na mapendekezo yake yalipaswa kupanda mkoani na kisha Ofisi ya Waziri Mkuu kabla ya kupata fedha. Hapa lugha ya utawala inahitaji maneno matatu yasichanganywe. Kusogeza watendaji ni kumhamisha ofisa wa Serikali Kuu karibu na wananchi huku akiendelea kuwajibika juu. Kukasimu ni kumpa mwingine kazi ambayo mwenye mamlaka anaweza kuitwaa tena. Kugatua ni kukipa chombo kilichochaguliwa mamlaka yake kwa sheria, pamoja na fedha na watumishi wa kuyatekeleza. Madaraka Mikoani yalisogeza watendaji, yakakasimu kiasi, na kile kidogo kilichokuwa kimegatuliwa yakakirudisha kwa Serikali Kuu. Kwamba hayo yalifanywa kwa nia safi ya kuharakisha maendeleo hakubadilishi mwelekeo wa mistari.

Mijini athari zilionekana mapema. Halmashauri za miji nazo zilifutwa, na jiji la Dar es Salaam likagawanywa katika wilaya za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya mkoa, katika muundo uliokuwa umebuniwa kwa kuwaza kijiji na shamba. Uzoaji wa taka, mifereji ya maji machafu na zimamoto, kazi ambazo mji hauwezi kuishi bila hizo, zilikosa mwenyewe anayeeleweka. Mlipuko wa kipindupindu wa nusu ya pili ya miaka ya 1970 uliikuta miji katika hali hiyo, na mwaka 1978 sheria ikatungwa ya kuzirejesha halmashauri za miji. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zikafuata, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya nazo zikarudi kazini. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilikifuta kisanduku cha Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa na kukiweka cha Katibu Tawala wa Mkoa, mwenye sekretarieti ndogo ya kuzishauri halmashauri. Hata hivyo mstari wa uteuzi wa Mkurugenzi wa halmashauri bado unaanzia kwa Rais.

Chati hufutwa na kuchorwa upya, lakini vitabu vya bajeti hutunza alama za kale. Mafungu ya mikoa yanaanza na Fungu 70, Arusha, likifuatiwa na 71, Pwani, kisha 72, Dodoma, na 73, Iringa. Mpangilio huu ni wa alfabeti, na Pwani inakaa baada ya Arusha kwa sababu orodha iliandaliwa kwa Kiingereza, ambamo jina la mkoa huo linaanza kwa herufi C. Lindi, uliomegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, unakaa mahali pake pa alfabeti katika Fungu 76, ilhali Rukwa, uliozaliwa mwaka 1974, umesukumwa mkiani kwenye Fungu 89. Kwa hiyo orodha yenyewe inadokeza kwamba ilipangwa kati ya miaka hiyo miwili, katika kipindi kile kile mikoa ilipopewa mafungu. Na Kagera inashika Fungu 87, baada ya Tanga, kwa kuwa namba hiyo ilipotolewa mkoa huo ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, jina ambalo kwa Kiingereza huanza kwa W.