Matunzo ya gari la abiria: Kwa nini hesabu ya kweli ni kilomita, si miezi

Ukitoka mji wa Jinja kuelekea mashariki, barabara kuu hupita chini ya kilima cha Wanyange, kisha huendelea hadi Iganga, Tirinyi na hatimaye Mbale, mji uliojilaza chini ya Mlima Elgon. Tangu alfajiri, magari madogo ya abiria yenye viti 14, ambayo Waganda huyaita taksi na Wakenya matatu, hupishana katika njia hiyo na malori ya mizigo yatokayo mpakani Malaba na Busia. Mengi ya magari hayo ni Toyota HiAce yaliyotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa Afrika Mashariki.

Ni magari imara, lakini uimara huo umewapotosha wamiliki wengi. Gari linalowaka kila asubuhi huhesabiwa kuwa zima, na gereji hukumbukwa siku linapogoma. Mwongozo huu unaeleza ni sehemu zipi za gari la abiria zinazopaswa kukaguliwa, kwa vipindi gani, na ni zipi ambazo haziwezi kungoja hata siku moja.

Hesabu inayosahaulika

Kutoka Jinja hadi Mbale ni takriban kilomita 150. Gari linalokwenda na kurudi mara moja kwa siku hukamilisha kilomita 300. Kwa mwendo huo, kilomita 5,000, ambazo ndizo kipindi cha kawaida cha kubadilisha oili katika injini nyingi za zamani zinazotumia oili ya kawaida, hutimia kwa siku 17 za kazi. Kwa siku sita za kazi kwa wiki, kilomita 100,000 hutimia kwa mwaka mmoja na wiki chache.

Gari la nyumbani linaloendeshwa kilomita 1,000 kwa mwezi huhitaji zaidi ya miaka minane kufikia umbali huo. Kwa hiyo mwenye taksi anayesema kwamba gari lilifanyiwa matengenezo makubwa "mwaka jana tu" huenda anazungumzia gari ambalo limekwisha kutembea umbali wa maisha ya gari jingine. Kanuni ya kwanza ya matunzo ni kuandika usomaji wa mita ya kilomita kila kazi inapofanyika, na kupanga kazi inayofuata kwa kilomita.

Dakika kumi za asubuhi

Ukaguzi wa kila siku hauhitaji fundi wala vifaa. Dereva aufanye gari likiwa limepoa na limeegeshwa mahali tambarare, kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

- Atazame chini ya gari. Tone jeusi huashiria oili. Tone la kijani, jekundu au la waridi mara nyingi ni kulanti. Unyevu wa mafuta upande wa ndani wa gurudumu huweza kuwa mafuta ya breki.
- Apime oili ya injini kwa kijiti chake, na kiwango kiwe kati ya alama mbili.
- Atazame chupa ya mafuta ya breki. Kiwango kinachoshuka kina maana mbili tu: pedi zimelika, au kuna mvujo.
- Akanyage breki injini ikiwa imezimwa, kisha awashe injini akiwa bado amekanyaga. Pedali inapaswa kushuka kidogo na kusimama imara. Ikiendelea kuzama polepole, gari lisiondoke.
- Azunguke matairi yote, pamoja na la akiba, na kuzigusa nati moja baada ya nyingine.
- Ajaribu taa zote, hasa za breki, na milango yote ifunguke kutoka ndani.

Breki

Mtihani mkubwa wa breki katika eneo hili hauko kwenye tambarare za Tirinyi. Uko kwenye miteremko ya Elgon, hususan barabara ishukayo kutoka Kapchorwa kuelekea Sironko na Mbale, ambako gari lililojaa hushuka kwa mamia ya mita likipita kona baada ya kona.

Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anaposhikilia pedali kwa muda mrefu, joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka katika nyuzijoto 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 katika nyuzijoto 230. Hata hivyo, mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakishaingiwa na maji, kiwango cha chini kinachokubalika cha kuchemka kwake ni nyuzijoto 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali hushuka hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo, ilhali dakika tano zilizopita breki zilikuwa nzuri.

Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa yote angalau kila baada ya miaka miwili, na mapema zaidi kwa gari la milimani. Kuongeza tu hakutoshi, kwa kuwa mafuta yaliyozeeka hubaki ndani ya mabomba. Wala oili ya injini au mafuta mengine ya madini yasitiwe kwenye chupa hiyo, hata kwa dharura: huvimbisha mipira ya pampu na kuharibu mfumo mzima.

HiAce nyingi zina diski magurudumu ya mbele na dramu nyuma. Pedi za mbele hulika haraka zaidi. Kwa gari linalotembea kilomita 300 kwa siku, ni busara kuzibadilisha zinapobaki milimita 3, bila kusubiri kipande cha chuma kilie dhidi ya diski. Pedi na viatu vya breki hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja; la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Dalili nyingine zina maana zake. Pedali laini kama sponji huonyesha hewa ndani ya mabomba. Pedali inayozama polepole huonyesha kasoro ya pampu kuu. Mtetemo unapokanyaga huashiria diski iliyopinda. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine mwishoni mwa safari, breki yake imeshika na haiachi.

Yapo matengenezo mawili ya njiani ambayo hayapaswi kukubaliwa. La kwanza ni kukunja au kuziba bomba la gurudumu linalovuja ili gari liendelee kwa breki zilizobaki. La pili ni kufunga kwa waya au kuondoa valvu iliyo karibu na ekseli ya nyuma. Valvu hiyo hupima uzito wa mzigo na kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ikiharibiwa, magurudumu ya nyuma huweza kufunga ghafla na gari likageuka barabarani.

Hata breki nzima huhitaji dereva anayeisaidia. Mteremko mrefu hushukwa kwa gia ya chini, breki zikikanyagwa kwa vipindi. Kuweka gia huru au kuzima injini ili kuokoa mafuta ni hatari, kwa sababu msaada wa nguvu za breki hutokana na injini inayozunguka. Ikizimwa, dereva hubaki na mikanyago michache tu kabla pedali haijawa ngumu kama jiwe.

Matairi

Tairi la gari la abiria huchaguliwa kwa uzito litakaobeba. Ubavuni mwake huandikwa namba ya uwezo wa mzigo. Tairi lenye namba 107, la aina inayofungwa kwenye HiAce nyingi, hubeba hadi kilo 975. Tairi la gari dogo la familia lenye namba 91 huishia kilo 615. Matairi hayo mawili huweza kuingia kwenye rimu yenye kipenyo kilekile, na la pili huuzwa kwa bei nafuu, lakini chini ya abiria 14 na mizigo yao hupata joto hadi kupasuka.

Tarehe ya kutengenezwa nayo imeandikwa papo hapo. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, kwa hiyo tairi la mtumba lenye kashata nzuri laweza kuwa limekwisha nguvu. Katika nchi nyingi kina cha kashata hakiruhusiwi kupungua chini ya milimita 1.6, ingawa kwenye mvua tairi huanza kuteleza kabla ya kufika hapo.

Gurudumu likifunguliwa kwa sababu yoyote, nati zikazwe kwa mpangilio wa kukingamana, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Magurudumu mengi yanayochomoka njiani huwa yametoka kufunguliwa karibuni.

Injini

Injini mbovu kwa kawaida hulisimamisha gari. Si mara nyingi huua. Lakini ndiyo humaliza mtaji wa mmiliki.

Oili na chujio lake hubadilishwa pamoja. Chujio la hewa huhitaji uangalizi wa karibu zaidi kwa magari yanayoingia barabara za vumbi. Katika dizeli, maji yaliyotuama kwenye chujio la mafuta humwagwa mara kwa mara, maana maji huharibu pampu na nozeli.

Rejeta ijazwe kulanti iliyochanganywa na maji safi. Maji matupu huleta kutu na huchemka mapema: katika mwinuko wa mita 1,200, unaokaribiana na ule wa Jinja na Mbale, maji ya wazi huchemka katika takriban nyuzijoto 96. Kifuniko cha rejeta ndicho hushikilia shinikizo linalozuia mchemko huo, kwa hiyo kifuniko kilicholegea ni kasoro kamili. Kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Kisha kuna mkanda wa taiming. HiAce za dizeli zenye injini za jamii ya L na KD hutumia mkanda wa mpira, ambao katika modeli nyingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huvunjika ndani. Injini za petroli za jamii ya RZ na TR hutumia mnyororo. Mnunuzi wa gari la mtumba asiyejua historia ya mkanda aubadilishe kwanza, kisha aanze kuhesabu upya.

Usukani na miguu ya gari

Kila gari linapoinuliwa kwa ajili ya oili, fundi atikise magurudumu ya mbele. Mchezo wa juu na chini huashiria beringi au boli jointi iliyolika; mchezo wa kushoto na kulia huashiria viungo vya usukani. Boli jointi inayoachia huangusha gurudumu, na dereva hubaki na usukani usioongoza chochote. Shokapu zilizochoka huongeza umbali wa kusimama, kwa sababu tairi linalorukaruka halishiki barabara.

Baada ya mafuriko

Mwishoni mwa Julai 2022, mito ilifurika Mbale usiku na kuua zaidi ya watu 20. Tangu hapo swali la gari lililozama limekuwa la kawaida. Jibu ni kutoliwasha. Maji ndani ya silinda hayabonyei, na jaribio moja la kuwasha huweza kupinda vyuma vya pistoni. Oili ya injini, ya gia na ya difu ikionekana kama chai ya maziwa, imechanganyika na maji na lazima imwagwe. Beringi hupakwa grisi upya, na mafuta ya breki hubadilishwa yote.

Vipuri na daftari

Vipuri vingi vya mashariki mwa Uganda hupitia Kampala, ambako soko la Kisekka limejulikana kwa biashara hiyo kwa miaka mingi. Vipuri bandia huuzwa kwenye maboksi yanayofanana na halisi. Mnunuzi alinganishe kipuri kipya na cha zamani kwa uzito na maandishi, adai risiti, na vipuri vya zamani arudishiwe yeye mwenyewe.

Silaha bora ya mmiliki ni daftari lenye safu nne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, na jina la fundi. Humlinda pia dereva, anayeweza kuonyesha kwamba alitoa taarifa ya kasoro na lini.

Nani alipe?

Tangu 2018 Uganda imezuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15. Hatua hiyo hupunguza uzee wa magari yanayoingia, lakini haigusi namna yanavyotunzwa yakishaanza kazi. Nchini Kenya magari ya abiria hutakiwa kukaguliwa kila mwaka. Kwa gari la kilomita 300 kwa siku, mwaka mmoja ni zaidi ya kilomita 90,000, umbali wa kumaliza pedi za breki na matairi mara kadhaa. Ukaguzi wa serikali hauwezi kuchukua nafasi ya ule wa asubuhi.

Ugumu mkubwa uko kwenye mapatano. Madereva wengi humpelekea mmiliki kiasi maalumu cha fedha, na kinachozidi ndicho riziki yao. Siku ya gereji haina riziki, hivyo dereva anayesikia breki ikilia ana sababu ya kunyamaza hadi Jumamosi. Mapatano salama hutamka mapema kwamba siku ya kurekebisha breki, matairi au usukani haidaiwi hesabu.

Fedha zisipotosha kwa kila kitu, mpangilio ni huu: breki, matairi, usukani na taa kwanza, na gari lisibebe abiria hadi vikamilike. Mkanda wa taiming, oili na mfumo wa kupoza injini hufuata. Viti, rangi na redio huja mwisho, ingawa ndivyo abiria huviona kwanza.

Abiria naye ana sehemu yake. Harufu ya kuungua kwenye mteremko, chuma kinachokwaruza dereva anapokanyaga breki, au pedali inayopigwa mara nyingi kabla gari halijasimama ni sababu za kutosha za kuomba kushuka kituo kinachofuata, na kuwaambia wengine kwa nini.