Temeke nayo ina "view"

Dalali wa Dar akikupeleka kuona nyumba hasemi "mandhari". Anasema, "Bosi, hapa unapata view ya bahari," na hapo hapo kodi imeshapanda. Upanga kuna mtaa mzima unaitwa Sea View. Huku Temeke, ingawa Kurasini na Mtoni zimepakana na maji, jina kama hilo hulisikii.

Neno lenyewe lina historia. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini cha kuona. Ila katika karne ya 14 halikuwa neno la starehe. Lilikuwa neno la sheria: ukaguzi rasmi wa ardhi. Maana ya kutazama milima na bahari ilikuja baadaye sana, kama mwaka 1600 hivi. Kabla ya kuburudisha macho, lilikuwa jicho la mkaguzi.

Dar tuliyapata yote mawili, kwa mpangilio uleule. Miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji kwa kanda: Uzunguni upande wa bahari penye upepo, kisha Uhindini, kisha Uswahilini kule Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja. Temeke ilikuja kupangwa baada ya Vita Kuu ya Pili, iwe makazi ya Waafrika. Mpimaji alitangulia, view ikafuata, na ikaishia Oyster Bay.

Sasa tuliangalie neno letu. Mandhari limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama, ni ndugu yake nadharia. Darasani tulifundishwa kwamba mandhari ni mahali hadithi inapotendeka. Yaani mandhari inataka watu ndani yake. View inamtaka mtu mmoja tu, amesimama mbali, ikiwezekana ghorofani.

Kwa kipimo hicho Kurasini ina mandhari tele: winchi za bandari, makontena, malori yamepanga foleni, mama lishe na masufuria yake. Miaka ya 2010 wakazi wengi wa hapo walilipwa fidia wakahama, kupisha miradi ya bandari na biashara. Nyumba zao zilikaguliwa na kuthaminiwa. Walichokuwa wakikiona kila asubuhi dirishani hakikuwa na bei kwenye fomu.

Kwa hiyo akija mtu mtaani kwako na kamba ya kupimia, akasema amekuja kuangalia tu, muulize: kuangalia kupi, kule kwa mwaka 1600 au kule kwa zamani?