Wakfu wa Madaraja ya London

Mwaka 1176 kasisi mmoja wa London, Peter wa Colechurch, alianza kujenga daraja la mawe juu ya mto Thames. Alifariki mwaka 1205 kazi haijakwisha, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa palepale darajani. Miaka minne baadaye daraja likamalizika, na likavukisha watu kwa zaidi ya miaka 600.

Lilikuwa mtaa mzima. Nyumba na maduka yalijipanga pande zote mbili, na wapangaji walilipa kodi. Wapitao walitozwa ushuru. Wacha Mungu nao walipoandika wasia waliliachia daraja fedha, nyumba na ardhi, kama watu wa mwambao wetu walivyowekea misikiti wakfu wa minazi. Mali hiyo ndiyo iliyozaa taasisi ya Bridge House Estates, ambayo siku hizi huitwa City Bridge Foundation.

Mali ikiwapo, walaji hawakosi. Mfalme Henry wa Tatu alimpa mkewe, Malkia Eleanor, mapato ya daraja. Fedha zikaliwa, matengenezo yakasahauliwa. Katika baridi kali ya kuingia mwaka 1282, barafu iliangusha matao matano. Mwaka huohuo Mfalme Edward wa Kwanza alitoa hati iliyowapa watu wa jiji mapato ya ushuru wa kulitengeneza. Tangu hapo wakfu umebaki mikononi mwao.

Nyumba za darajani zilibomolewa kuanzia 1758. Daraja jipya lililosanifiwa na John Rennie lilifunguliwa mwaka 1831, nalo mwaka 1968 likauzwa kwa Mmarekani Robert McCulloch kwa dola 2,460,000. Mawe yake ya nje yalitiwa namba moja moja, yakasafirishwa hadi jangwani Arizona. La sasa ni la zege, lilifunguliwa 1973, na kwa sura halina la kusifiwa sana.

Anayetafuta sanaa aende Blackfriars, daraja jingine la wakfu huu, la mwaka 1869. Vichwa vya nguzo zake vimechongwa ndege na mimea: upande wa bara ni ndege wa maji baridi, upande unaoelekea baharini ni ndege wa pwani. Wengi hupita juu yake kila siku bila kujua, maana michoro hiyo huonekana vizuri kwa aliye mtoni au kando ya mto.

Tower Bridge ilijengwa kuanzia 1886 hadi 1894 kwa sababu jiji lilihitaji kivuko upande wa mashariki, lakini meli nazo zilitaka kufika gatini. Horace Jones na mhandisi John Wolfe Barry walipata jibu: njia ya katikati igawanywe vipande viwili vinavyoinuka, kila kimoja kikiwa na uzito wa zaidi ya tani 1,000. Mvuke ulisukuma maji, na nguvu ya maji ikazungusha mitambo. Mafuta na umeme vilichukua kazi hiyo mwaka 1976. Minara yake ni chuma kilichovishwa mawe ili ifanane na ngome ya kale iliyo jirani. Wapo wajuzi wa siku hizo walioona huo ni udanganyifu. Mimi naona ni adabu ya mgeni anayevaa kufuatana na wenyeji.

Daraja la Milenia, la waendao kwa miguu, liliaibika. Lilifunguliwa Juni 2000, likayumba chini ya nyayo za umati, likafungwa baada ya siku mbili. Lilifunguliwa tena mwaka 2002, baada ya kufungwa vifaa vya kuzuia mtikisiko.

Pamoja na daraja la Southwark, madaraja ya wakfu huu sasa ni matano, na tangu 1995 ziada ya mapato yake hupewa mashirika ya hisani ya London. Matengenezo yake hayagharimiwi na kodi ya wananchi. Hata chombo kinachotaka Tower Bridge iinuliwe hakilipi kitu. Kinachotakiwa ni taarifa saa 24 kabla.