Stauti

Stauti ni bia nyeusi inayopikwa kwa kimea cha shayiri, hopsi, hamira na maji. Weusi wake na uchungu wake mzuri unaokaribia ule wa kahawa hutokana na nafaka iliyokaangwa hadi kukolea.

Historia

Stauti ni mtoto wa porta, bia ya kahawia iliyopendwa na wachukuzi wa London katika karne ya 18. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea bila kukiunguza kikawa majivu. Tangu hapo, kiasi kidogo tu cha kimea cheusi kilitosha kuipa bia rangi na ladha.

Mjini Dublin, Arthur Guinness alikodi kiwanda cha St. James's Gate mwaka 1759 kwa miaka 9,000, kodi ikiwa pauni 45 kwa mwaka. Mwaka 1801 kampuni ya Guinness iliandika kanuni ya porta ya kupelekwa Karibi, iliyoongezewa hopsi na kileo ili isiharibike safarini. Kutokana na porta hiyo ikazaliwa stauti kali ya chupa inayojulikana sana Afrika. Mwaka 1959 ilianza kutumika gesi ya nitrojeni, ambayo huipa stauti ya bomba povu zito kama malai.

Aina

Kuna stauti kavu ya Ireland, stauti ya oti, stauti ya maziwa, ambayo hutiwa sukari ya maziwa isiyochachushwa na hamira, na stauti ya kifalme, iliyo kali kupita zote.

Vinywaji vya kuchanganya

Black Velvet ni stauti na shampeni, nusu kwa nusu. Husimuliwa kwamba ilibuniwa katika klabu ya Brooks's, London, mwaka 1861, wakati wa maombolezo ya Mwanamfalme Albert, ili hata shampeni ivae nyeusi.

Half and half huanza kwa bia ya rangi hafifu hadi nusu ya glasi. Kijiko hushikwa kikiwa kimefudikizwa juu yake, na stauti humiminwa taratibu mgongoni mwa kijiko. Kwa kuwa stauti ya bomba ni nyepesi zaidi, huelea juu, na tabaka mbili hubaki zimetengana. Jina lake jingine, Black and Tan, huwachukiza Waayalandi wengi, kwani ndilo la askari wa Uingereza waliotenda ukatili nchini mwao miaka ya 1920 na 1921.

Jamaika ina panchi tamu kuliko zote hizi: stauti, maziwa mazito ya kopo, vanila na kungumanga, vikipigwa pamoja na kunywewa baridi.

Afrika Mashariki

Stauti ya Guinness hupikwa nchini Kenya. Wapo wanaoichanganya na Coca-Cola kupunguza uchungu. Matangazo ya Guinness ya shujaa wa kubuni, Michael Power, yalipata umaarufu mkubwa barani na kuzaa filamu ya Critical Assignment mwaka 2003.