"Nimeokoka": Uamsho na Uhakika wa Wokovu Ugogoni

Neno "nimeokoka" limezoeleka mno Dodoma hata sarufi yake haisikiki tena. Kiambishi -me- hutaja jambo lililokwisha kutendeka na ambalo hali yake ingali ipo. Asemaye hivyo hatarajii kuokoka siku moja, wala hayumo njiani, ameshavuka. Usemi huo ulienea Ugogoni, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, pamoja na Uamsho wa Afrika Mashariki, nao ulibeba faraja na mtego kwa pamoja.

Kanisa la Anglikana lilikuwapo kabla ya Uamsho. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa mwaka 1876, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma, chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Mtu alibatizwa, akafundishwa katekisimu, akapata kipaimara, akakaribishwa Mezani pa Bwana. Ibadani waumini waliungama wote pamoja kwa maneno ya Kitabu cha Sala, kisha kasisi akatamka ondoleo. Hakuna aliyeulizwa alifanya nini hasa Jumanne.

Uamsho uliuliza. Chimbuko lake ni urafiki wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Moto ukawaka Gahini, Rwanda, alikofanya kazi Church, ukasambaa Uganda, kisha ukaingia Tanganyika kupitia magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1946 Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi aliyekuja baadaye kuwa askofu, alihamia Dodoma kufundisha, akakaa takriban miaka kumi.

Katika ushirika wa ndugu, yaani mikutano ya waliookoka, shahidi alisimama, akasalimu "Bwana Yesu asifiwe!", akaeleza siku aliyookoka, kisha akaitaja dhambi kwa jina: deni alilolikana, kinyongo na mkewe, mali ya mwajiri iliyoko nyumbani kwake. Huko kuliitwa kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Matunda yalionekana kwa macho. Vilivyoibwa vilirudishwa, na Mzungu na Mwafrika waliombana msamaha, jambo lisilo dogo katika koloni. Kivengere mwenyewe aliwahi kupanda baiskeli kumwendea Mzungu ambaye yeye alikuwa akimchukia, ili wapatane.

Mtego ulikuwa katika kurudia. Ushuhuda wa wiki iliyopita ulichakaa, ulitakiwa mpya. Asiye na dhambi ya kuungama alionekana anaficha, basi akachimba zaidi moyoni, na moyo ukichimbwa haukosi kutoa kitu. Aliyelia jana alijiuliza leo kama machozi yake yalitosha. Asiyeweza kutaja siku ya kuokoka kwake, kwa kuwa alilelewa kanisani tangu utoto, alitia shaka hata imani aliyokuwa nayo. Uhakika ulioletwa na -me- ukageuka hesabu isiyofungwa.

Uganda jambo hilo lilifika mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Yona Mondo, Abazukufu, lilifundisha kwamba waliookoka wamelala, hivyo waamke upya. Na kuwa na deni tu kulihesabiwa kosa. Waliojua kwa miongo kadhaa kwamba wameokoka waliambiwa waanze tena. Ndugu wakagawanyika.

Hatari hiyo ina mfano mkongwe. Kijana Martin Luther, mtawa huko Erfurt, aliungama kwa saa nyingi, akirudi kila alipokumbuka kosa lingine, hata mlezi wake Johann von Staupitz akamwelekeza atazame majeraha ya Kristo badala ya orodha yake. Kanisa la Ugogoni limerithi yote mawili: mafundisho ya Luther juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, na ushuhuda wa Uamsho.

Dawa, hata hivyo, ilikuwamo ndani ya Uamsho wenyewe, katika mahali palipowekwa wimbo. Shahidi alipomaliza, ndugu hawakumhoji. Waliimba Tukutendereza, wimbo wa kumsifu Yesu kwa damu yake. Hadi Ugogoni kiitikio kilibaki Kiganda, ingawa wengi wa waimbaji hawakukijua. Palipoimbwa upesi, shahidi alirudi nyumbani mwepesi. Palipotangulizwa maswali, alirudi na mzigo. Wimbo ulipokwisha walipeana mikono, na anayefuata akasimama.