Dawa ya jana inagoma leo: Jinsi viumbe vamizi vinavyobadilika haraka

Ukitoka Mukendo, mjini Musoma, ziwa haliko mbali. Sangara unayemkuta mwaloni si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Gugu maji nalo ni la kuja. Na ukienda mashambani Butiama au Bunda, kiwavijeshi vamizi anayetafuna mahindi naye ni mgeni.

Wengi tunadhani mgeni akishaingia anabaki vilevile alivyokuja. Sivyo. Baadhi hubadilika kizazi hadi kizazi, tena ndani ya miaka michache tu. Wataalamu wanaita hali hiyo mageuzi ya haraka, na inaweza kumgharimu mkulima msimu mzima.

Inakuwaje?

Chukulia shamba lina viwavi 1,000. Unapiga sumu, wanakufa 990. Wale 10 waliobaki, huenda baadhi yao miili yao inaivumilia sumu hiyo. Hao ndio watakaozaa, na watoto wao watarithi uvumilivu huo. Ukirudia sumu ileile kila mara, unajikuta umefuga viwavi sugu kwa mkono wako mwenyewe.

Chura walioongeza mwendo

Mageuzi yanaweza pia kuongeza kasi ya kusambaa. Mwaka 1935, chura wakubwa wenye sumu, asili yao Amerika, walipelekwa Queensland nchini Australia ili wale wadudu wa miwa. Kazi hiyo iliwashinda, wao wakasambaa.

Mwanzoni walisonga kama kilomita 10 kwa mwaka. Baadaye wakapita kilomita 50. Mwaka 2006 watafiti walieleza kuwa chura wanaotangulia mbele wana miguu mirefu zaidi. Wenye mbio hufika kwanza, wanakutana wao kwa wao, wanazaa wenye mbio.

Ziwani kwetu, aliyevamiwa naye alibadilika

Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Miaka ya 1980 akaongezeka kwa kishindo. Furu, samaki wadogo ambao ziwa hili lilikuwa nao wa aina mamia, wakaliwa mno. Aina nyingi zikatoweka. Wakati huohuo maji yakazidi kuwa machafu na hewa ndani yake ikapungua.

Lakini si furu wote walioisha. Kwenye Ghuba ya Mwanza, watafiti walilinganisha furu waliovuliwa kabla ya sangara kutawala na waliovuliwa miaka kama 20 baadaye. Aina moja ilionekana kuwa na eneo la mashavu ya kupumulia lililoongezeka kwa asilimia 64, na ilikuwa imeanza kula mawindo makubwa zaidi. Bado wanasayansi wanajadili ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilirithiwa, na kiasi gani ni mwili kuzoea mazingira tu.

Gugu maji: limesambaa bila kubadilika sana

Si kila mvamizi anahitaji mageuzi. Gugu maji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, huzaliana zaidi kwa kuchipua. Kipande kimoja kinatosha kuanzisha zulia jipya. Sehemu kubwa ya magugu haya duniani inafanana kinasaba, kama nakala za mmea mmoja.

Kufanana huko kunalipunguzia nafasi ya kujenga usugu. Mbawakavu kutoka Amerika Kusini, walioachiwa ziwani miaka ya 1990, walisaidia kulipunguza. Ila halijaisha.

Kiwavijeshi ndiye wa kuangalia

Huyu aliripotiwa Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017. Kwao Amerika tayari ameonesha usugu kwa sumu za aina kadhaa. Nondo wake huruka mbali sana, kwa hiyo usugu ukianza shamba moja unaweza kuhamia kwa jirani.

Ufanye nini?

- Kagua mahindi mapema, tangu yanapochipua. Kiwavi mdogo anauawa kirahisi kuliko mkubwa aliyejichimbia kwenye moyo wa mhindi.
- Usirudie sumu ya kundi moja. Kubadili chupa hakutoshi, maana majina mawili ya dukani yanaweza kuwa na dawa ileile ndani. Soma lebo au muulize afisa ugani.
- Fuata kipimo. Kuzimua sumu ili itoshe eneo kubwa kunawaacha hai wale wanaoanza kuivumilia.
- Ukiona mmea au mdudu usiyemjua anaongezeka, toa taarifa mapema.

Hilo la mwisho ndilo la bei nafuu kuliko yote. Mvamizi akiwa mchache anaweza kung'olewa. Akishazaliana vizazi kadhaa, unaweza usipambane tena na yule aliyeingia, bali na wajukuu wake waliokwisha kuizoea dawa yako.