Mwisho wa siku

Maana. Mwisho wa siku ni kirai nomino ambacho katika sentensi hufanya kazi ya kielezi. Kina maana mbili. (1) Ya wakati: sehemu ya siku inayokaribia magharibi, au saa ya kufunga kazi. (2) Ya hitimisho: hatimaye, mambo yote yakishazingatiwa. Maana ya pili ni tafsiri sisisi ya msemo wa Kiingereza "at the end of the day". Ndiyo inayosikika katika mahojiano ya redio, hotuba na maelezo ya makocha baada ya mechi, na ndiyo inayowakera walimu na wahariri wengi.

Lawama na uzito wake. Lawama ya kawaida ni kwamba msemo huu ni wa kigeni. Hoja hiyo peke yake haitoshi. Neno hatimaye, ambalo wakosoaji hulipendekeza badala yake, lina asili ya Kiarabu. Vita baridi nayo ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya, na hakuna anayeikataa, kwa kuwa ilijaza pengo na haikugongana na maana nyingine. Kero ya namna hii haiko Afrika Mashariki tu. Nchini Uingereza watu hulalamikia misemo ya Marekani inayopenya katika mazungumzo yao ya kila siku, ilhali baadhi ya maumbo yanayolaumiwa, kama "gotten", yalitumika Uingereza kwanza, yakafifia huko na kudumu ng'ambo ya bahari.

Njisi, kata ya Wilaya ya Kyela iliyo mpakani mwa Tanzania na Malawi, inaonyesha jinsi ugeni wa neno unavyotegemea mahali anaposimama msikilizaji. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 yaliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, Wanyakyusa wakabaki upande mmoja na Wangonde wa Karonga upande wa pili, ingawa lugha zao zinasikilizana. Leo upande wa Tanzania Kiswahili ndicho lugha ya shule ya msingi na ofisi. Upande wa Malawi, Kiingereza ndicho lugha rasmi. Mzee wa Njisi anayewasikia wajukuu wakiacha neno la Kinyakyusa na kushika la Kiswahili ana sababu ya kukereka kama aliyonayo mhariri wa Dar es Salaam anapokisikia Kiingereza ndani ya Kiswahili. Kwake yeye, mgeni ni Kiswahili chenyewe.

Tatizo lenyewe. Kasoro ya mwisho wa siku ni kwamba msemo huu unakalia kiti chenye mwenyewe. Kiswahili kina mfululizo wa virai vya wakati vyenye umbo hilohilo: mwisho wa wiki, mwisho wa mwezi, mwisho wa mwaka. Anayeambiwa "utalipwa mwisho wa mwezi" huhesabu tarehe. Kwa kanuni hiyohiyo, anayeambiwa "utalipwa mwisho wa siku" ana haki ya kungoja malipo jioni ile.

Chukulia sentensi hii ikitamkwa katika mpaka wa Kasumulu, uliomo Njisi: "Usijali, mwisho wa siku mzigo utavuka." Msemaji huenda anakusudia tu kutuliza moyo, kwamba mzigo hautakwama daima. Mwenye mzigo huelewa kuwa utavuka kabla ya giza, akaacha kutafuta pa kuuhifadhi. Ikiwa mzigo huo ni ndizi zilizoanza kuiva, gharama ya utata inamwangukia yeye.

Hata maana ya wakati yenyewe haiko wazi kila mahali. Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huisha jua linapotua, na usiku unaofuata ni wa siku mpya. Kwa hesabu ya kiserikali, siku huisha saa sita usiku. Kwa mtu wa ofisini, huisha kazi inapofungwa. Njisi huongeza utata wa nne, kwa kuwa saa za Tanzania ziko mbele ya saa za Malawi kwa saa moja. Jua huzama kwa wote pamoja, lakini saa za ukutani kwenye kingo mbili za Songwe hazilingani.

Ushauri kwa waandishi na wafasiri.

Kwanza, ondoa msemo na usome tena sentensi. Mara nyingi hakuna kinachopotea: "Mwisho wa siku, mwalimu ni binadamu" ni sawa na "Mwalimu naye ni binadamu."

Pili, kama hitimisho linahitajika, tumia hatimaye au mwishowe kwa jambo linalotokea baada ya mengine. La msingi ni kwamba kwa jambo linalozidi mengine uzito. Vyovyote iwavyo kwa jambo lisilobadilika. Msemo wa Kiingereza hubeba maana hizi zote, hivyo mfasiri hana budi kuchagua.

Tatu, kama wakati ndio unaokusudiwa, tumia mwishoni mwa siku, jioni au kabla ya jua kutua. Umbo la mahali lenye -ni huelekeza kwenye wakati na aghalabu halitumiki kwa hitimisho. Katika tangazo, mkataba au hati ya forodha, taja tarehe na saa, na mpakani utaje pia ni saa za nchi gani.

Mifano.

Yenye utata: Mwisho wa siku wakulima wa mpunga watalipwa.
Wazi (hitimisho): Hatimaye wakulima wa mpunga watalipwa.
Wazi (wakati): Wakulima wa mpunga watalipwa leo kabla ya saa kumi na moja jioni.

Linganisha. Kuchukua nafasi kwa maana ya kufanyika ("mkutano utachukua nafasi kesho") hugongana na maana ya kushika mahali pa mwingine; sema utafanyika. Nitarudi kwako kwa maana ya kutoa jibu baadaye hugongana na ahadi ya kuja nyumbani kwa mtu, sema nitakujibu. Kipimo ni kilekile kwa misemo yote mitatu: kabla ya kuuliza msemo umetoka wapi, uulizwe utamfanya msikilizaji angoje nini.